Mgomo wa Bi Sijaona

Vuta kigoda ukae vizuri, maana habari hii haitaki haraka.

Mtu akipita Jabe, mtaa wetu hapa Bujumbura, siku ya harusi katika ukoo wa Massoudi, naye hakuambiwa kitu, atadhani masikio yake yamekufa njiani. Wanawake wamejaa uani na kanga zao za sare, wamejipanga mstari wa lelemama, mabega yanapanda na kushuka pamoja. Midomo iko wazi, ndimi zinacheza huku na huku. Hivyo ni vigelegele, lakini sauti hakuna. Ngoma zipo, zimewambwa ngozi safi ya mbuzi wa Idi. Wapigaji wamezipakata, mikono inashuka kwa nguvu, inafika shubiri moja juu ya ngozi, inasimama, inarudi. Msichana akigusa ngozi kwa bahati mbaya, hata kwa ncha ya kidole, anatolewa mstarini na kupelekwa jikoni kumenya vitunguu mpaka harusi iishe.

Kuna baba mmoja wa Uvira aliwahi kupita hapo. Akachungulia, akaona viti vya kukodi, masufuria makubwa, watu wengi na kimya kama kile. Akavua viatu, akaingia, akakaa upande wa wanaume, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya huzuni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza. Alikula pilau sahani mbili, akaondoka akisema kwamba marehemu lazima alikuwa mtu wa watu.

Watu wa mjini wana maelezo yao. Wanasema ukoo wa Massoudi ni wachamungu kupita kiasi, hata furaha yao wanaipunguza sauti isije ikamsumbua malaika. Shehe mmoja kijana aliwahi kuwatolea mfano kwenye hotuba ya Ijumaa. Bi Sijaona binti Massoudi alizisikia sifa hizo akiwa nyuma ya meza yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, akipepea nzi kwa kipande cha katoni. Hakuzikubali, hakuzikana. Sifa ikija bure, alikuwa akisema, si adabu kuiuliza imetoka wapi.

Kumbe ule haukuwa uchaji. Ulikuwa mgomo, na mgomo wenyewe ulikuwa dhidi ya Mwingereza.

Najua utasema: Mwingereza na Bujumbura wapi na wapi? Hapa alitawala Mjerumani, kisha Mbelgiji. Ni kweli. Lakini Sijaona alizaliwa Ujiji, upande wa pili wa ziwa, na kule bendera ilikuwa ya Mwingereza. Mama yake, Bi Nura binti Ilias, alikuwa mkuu wa chama cha lelemama kilichoitwa Subira Njema. Kwa nje kilikuwa chama cha ngoma. Kwa ndani, kila mwanamke wa Subira Njema alikuwa na kadi ya chama cha kudai uhuru, ameifunga kwenye pindo la kanga, na nyimbo zao za harusi zilimsifu bwana harusi ubeti wa kwanza, zikaisengenya serikali ubeti wa pili. Bwana Shauri, ndivyo walivyomwita mkuu wa wilaya, hakuwa na Kiswahili cha kufika ubeti wa pili. Mkalimani wake alikuwa nacho.

Ikatoka amri. Ngoma isipigwe mjini bila kibali. Anayetaka kupiga aende bomani, aseme ngoma gani, ya nani, ya nini, itaanza lini na itanyamaza lini.

Bi Nura akakusanya wenzake uani. "Leo kibali cha ngoma," akasema. "Kesho kibali cha kupika. Keshokutwa mtaingia chooni na mkalimani."

Wakasoma Fatiha, wakafungua mgomo: hakuna mwanamke wa Subira Njema atakayeomba kibali. Na kwa kuwa kupiga bila kibali ni kifungo, na wengi wao walikuwa na watoto wa kunyonyesha, basi hawatapiga kabisa. Mpaka serikali iifute amri yake, au mpaka wao wenyewe, waliofungua mgomo, wakae tena waufunge kwa Fatiha kama walivyoufungua.

Ulikuwa mgomo wenye akili sana, kwa siku moja. Siku hiyo mkubwa mmoja wa serikali alikuwa akija kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, na Bwana Shauri alitaka ngoma za kumpokea, maana mkubwa akishuka bila ngoma ni abiria tu kama abiria wengine. Kwa kibali alichojiandikia mwenyewe, akawaita wanawake. Wakaja wote. Wakajipanga, wakacheza, wakapiga, shubiri moja juu ya ngozi. Mkubwa alitazama, akatazama, mwishowe akaingiza kidole sikioni akakizungusha. Akamwinamia mkewe akamnong'oneza. Mkewe naye akaingiza kidole. Sijaona alikuwa pale, binti mdogo, amekaa miguuni mwa mama yake akishikilia ngoma isianguke, na mpaka leo akisimulia sehemu hiyo anacheka mpaka anashika mbavu.

Baada ya hapo Bi Nura aliambiwa atoke mjini. Akapakia ngoma zake na binti yake kwenye mashua ya mizigo, akashukia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kabla ya kikao cha kuufunga mgomo kukaa.

Kule Ujiji wenzake wakaendelea na maisha. Polepole wakaanza kupiga tena, uhuru ukaja, wakapiga mpaka wakapasua ngozi. Habari zilimfikia Bi Nura. Lakini yeye alikuwa mtu wa utaratibu. "Wamekaa kikao?" akauliza. "Wamesoma Fatiha? Mimi niliitwa? Basi haujafungwa." Ukimwambia uhuru umefuta kila kitu, alijibu kwamba uhuru ulimwondoa Bwana Shauri, na mtu anaweza kuondoka huku mlango ameufunga na ufunguo ameondoka nao. Wanachama wa Subira Njema wakafa mmoja mmoja. Bi Nura naye akafa. Sijaona, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki na mgomo mikononi kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mtoto, na mwenzake hakurudi.

Akaushika. Kila mwaka aliwamba ngozi mpya kwenye ngoma zisizopigwa. Akawafundisha wasichana wa ukoo mapigo ya mama yake, yote hewani. Aliyejua kuliko wote alikuwa mjukuu wake, Houda, binti mwenye mikono myepesi, mshonaji katika duka la vitambaa mtaa wa Asiatique. Houda alipiga tangu akiwa na meno ya utoto, na hakuwahi kusikia pigo lake hata moja.

"Bibi," alikuwa akisema, "mi niko kama mupishi anapika kila siku na hajaonja."

"Onja kwa macho," Bibi alimjibu.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, kama si masikio. Mwaka jana Bi Sijaona alianza kuwauzia watu vitu ambavyo hawakuomba. Mtu anaomba ndagala kavu, anapewa mbichi. Daktari akamtazama, akamwambia sikio la kulia limekwisha, na la kushoto linafuata njia ya ndugu yake. Bi Sijaona alimwambia shoga yake Léocadie peke yake, maana yake soko zima. Léocadie aliuza mawese meza ya pili, mama wa kanisani, mnene, mwenye ulimi usiolala.

"We Sijaona," Léocadie akasema kwa sauti ya kuvunja chupa, "sasa utakuwa kiziwi kamili. Mi nitakutukana kila asubuhi na we utaitika bonjour."

Bi Sijaona hakucheka. Alikaa akishika sikio la kushoto kama mtu anayeshika hirizi.

"Nataka kuisikia ngoma ya mama yangu," akasema. "Mara moja tu. Nimeisikia mara ya mwisho sijavunja ungo. Houda ameshaposwa. Harusi yake ikipita, sidhani kama sikio hili litaiona nyingine."

"Basi piga! Nani anakushika mukono?"

"Mgomo haujafungwa."

"Na benye kuufungua?"

"Wamekufa wote. Nimebaki mimi. Mtu mmoja hakai kikao."

Léocadie akajitolea kuingia katika kamati, hata leo hii, hata bila kadi. Bi Sijaona akamshukuru, akamweleza kwamba hakuwepo siku ya Fatiha. Ikabaki njia ya pili, serikali iifute amri yake. Na Léocadie, akijaza mawese kwenye chupa, akasema kwamba kama shida ni Mwingereza, yeye anajua alipo mmoja. Yuko mtaa wa Kinindo. Mpwa wake Gélase ndiye anayelinda geti lake.

Basi siku ya Jumamosi wakaenda. Bi Sijaona alivaa buibui jipya, Léocadie alivaa kitenge cha Pasaka. Gélase aliwafungulia geti akitetemeka, kwa sababu shangazi yake alimwambia tu kwamba wanakuja kwa mambo ya serikali.

Yule Mwingereza aliitwa Bwana Trevor. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kaptula, kazi yake kuchimba visima milimani na shirika moja. Kiswahili alijifunzia Dodoma, na alikisema polepole na kwa usafi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shikamooni," akasema. "Karibuni chai."

Wakakaa barazani. Bi Sijaona akaanza tangu mwanzo, kwa sababu jambo zito halianzwi katikati. Akamweleza habari za Bwana Shauri, kibali, mkalimani, Fatiha, mkubwa na kidole chake sikioni. Bwana Trevor alisikiliza vizuri sana, kikombe kimesimama hewani. Alipomaliza, Bi Sijaona akasema:

"Kwa hiyo nimekuja kwa serikali yako. Ifuteni."

"Mimi si serikali, Bibi. Mimi ni visima."

"Wewe ni Mwingereza?"

"Ndiyo."

"Basi ukoo ni mmoja. Kwetu deni la baba analilipa mtoto."

Bwana Trevor akafikiri kidogo tu, kidogo mno. Akatabasamu. "Bibi, kwa upande wangu hakuna shida yoyote. Pigeni ngoma. Pigeni mnavyotaka, siku yoyote. Nawaruhusu kabisa."

Léocadie akapiga makofi. "Ayi! Imekwisha! Twende tununue mbuzi!"

Lakini Bi Sijaona alikuwa ameshusha kikombe. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Nawaruhusu."

"Unaniruhusu." Akalitafuna lile neno. "Mama yangu ameacha nyumba, ameacha kisima, ameacha makaburi ya wazee wake ili asiruhusiwe. Na wewe unaniruhusu hapa, kabla chai haijapoa?"

"Samahani, Bibi. Nilidhani ndicho ulichotaka."

"Nilitaka ufute amri. Hukufuta amri, umenipa kibali. Sasa nikipiga, nimepiga kwa kibali cha Mwingereza. Umeniharibia mgomo, baba." Akasogea mbele ya kiti. "Tafadhali, kataa."

"Nikatae?"

"Kataa kidogo tu. Ili nipige bila wewe."

Bwana Trevor akawa mwekundu mpaka kwenye shingo. "Lakini sina sababu ya kukataa."

"Mwenzako hakuhitaji sababu."

Léocadie akaona mambo yanaharibika, akataka kusaidia. Akamwambia Bwana Trevor kwamba ngoma hizo zitapigwa hapa hapa getini kwake, mutu asipate usingizi. Macho ya Bwana Trevor yakang'aa. Akasema anapenda sana ngoma, na akauliza kama anaweza kuleta rafiki zake, na kama itawezekana kurekodi.

Gélase aliwasindikiza mpaka barabarani. Njiani Bi Sijaona alikuwa akinung'unika kwamba Waingereza wa siku hizi wameharibika, hawana msimamo. Léocadie alitembea kando yake, viatu vya kanisani vikimbana, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mi nikuulize kitu, Sijaona. Uyu Bwana Shauri wenu alitaka nini?"

"Alitaka tuombe kibali."

"Apana. Mbele ya kibali. Alitaka nini? Alitaka musimusumbue na kelele, si ndiyo? Alitaka kimya."

"Ndiyo, lakini..."

"Na nyinyi mulimupa nini? Miaka yote hii, nyinyi mulimupa nini? Kimya! Mama yako amevuka ziwa na ngoma kumupelekea muzungu kimya mpaka Burundi. Yule mutu alilala vizuri maisha yake yote, na watoto bake banalala vizuri, juu ya mugomo wenu!"

Bi Sijaona akasimama katikati ya njia. Pikipiki zikampita huku na huku zikipiga honi. Nusu ya honi hizo hakuzisikia. Léocadie alijuta papo hapo, akamshika mkono, akamwambia ni viatu ndivyo vilivyosema, si yeye. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na limeingilia sikio lile zima.

Siku mbili hakwenda sokoni. Ya tatu akatoka chumbani na uamuzi. Mama yake hakukosea, alisema, ila alikuwa na watoto wa wenzake wa kufikiria. Mwenye kukatazwa ngoma dawa yake ni kuipiga hivyo hivyo mbele ya anayemkataza. Yeye hana mtoto wa kunyonyesha. Jela ikimtaka, imchukue na mswaki wake. Atapiga. Ila anahitaji mtu wa kumkataza, kwa sababu Mwingereza ameshamruhusu, na ruhusa ile inamfuata kama harufu ya ndagala. Lazima ifunikwe na katazo la kweli kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kukataza.

Kama hujawahi kutafuta katazo katika mji huu, usijaribu. Kwanza akamwendea Hamissi, chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa, mtu mkali, aliyewahi kuzima muziki wa harusi ya dada yake mwenyewe. Akamwambia: "Hamissi, nakuja kupiga ngoma kubwa, mchana kweupe, mtaa wote utasumbuka."

Hamissi akainuka kitini akamshika mikono yote miwili. "Bibi, we ndiye ulikuwa unanipa ndagala nikitoka shule na njaa. Piga. Mutu akilalamika, mi nitamufunga."

"Lakini sheria?"

"Sheria gani kwa we?"

Akatoka pale ameinama kama aliyefukuzwa.

Tumaini la mwisho lilikuwa Bi Mahfudha. Huyu ndiye mwenye duka la vitambaa alikoshona Houda, mama wa Mazin, bwana harusi mwenyewe. Watu wa asili ya Oman, duka la tangu babu, mama mnyamavu, hapendi hata redio. Na alimchagua Houda kwa sababu moja kubwa: alisikia kwamba ukoo wa Massoudi wanaoa na kuoza kimya kimya kwa kumwogopa Mungu. Alikuwa ameshawatangazia jamaa zake wote. Baadhi yao walikuwa wanakuja kutoka mbali kuiona harusi isiyo na kelele.

Bi Sijaona aliingia dukani na furaha ya mtu aliyeona mlango wa jela uko wazi. Houda alikuwa nyuma kwenye cherehani, akasikia kila kitu.

"Mahfudha mwanangu," Bibi akasema, "nimekuja kukwambia ukweli ili ukasirike. Kimya chetu si dini. Ni mgomo. Tumegoma dhidi ya Mwingereza tangu Ujiji. Na siku ya harusi mimi nitapiga ngoma mpaka kuta zitikisike."

Bi Mahfudha akakunja kitambaa alichokuwa akikikunja, akakikunja tena, akakikunja mpaka hakikuweza kukunjika zaidi.

"Mgomo?" akasema.

"Mgomo."

"Na jamaa zangu wanatoka Maskati kuja kuangalia mgomo."

"Ndiyo. Kataa. Sema hapana. Ni haki yako, wewe ni mama wa bwana harusi."

Bi Mahfudha akafungua mdomo, na hakuna ubishi kwamba neno lilikuwa mlangoni, Houda aliliona. Lakini Léocadie, aliyekuja kumsindikiza na kukaa kwenye marobota ya vitambaa, akaona ni vizuri kueleza hali yote ili mtu asije akalaumiwa.

"Mama Mazin," akasema, "masikio yake banakufa. Daktari amesema. Anataka kusikia ngoma ya mama yake mbele hayajafunga kabisa."

Bi Sijaona alimwangalia kwa macho ambayo hayaandikiki.

Neno la Bi Mahfudha likarudi tumboni. Akatoka nyuma ya kaunta, macho yamelowa, akaubusu mkono wa bibi. Aibu gani hiyo, kumkataza mama anayeaga sauti za dunia? Mji mzima ungesema nini? "Piga, mama yangu," akasema, na unyonge wake ulikuwa wazi, kama mtu anayetoa jino. "Piga. Nitawaeleza jamaa. Nakupa ruhusa na radhi zangu."

Siku ya harusi ikafika, na baada ya sala ya Alasiri watu wakakusanyika. Uani kumejaa, jamaa wa Maskati wamekaa mstari wa mbele wakisubiri kimya kilichosifiwa, maana Bi Mahfudha alikuwa hajapata moyo wa kuwaeleza. Bwana Trevor, aliyepata habari kwa Gélase, alikuja na tai, akakalishwa upande wa wanaume karibu na Hamissi. Bi Mahfudha alikaa na mikono magotini. Wasichana wa lelemama wamejipanga. Ngoma nne zimepashwa moto, zimelia kidogo zenyewe kwa joto, na kila mtu akashtuka.

Bi Sijaona aliketi na ngoma ya mama yake mapajani. Akainua mkono.

Mkono ukashuka, ukafika shubiri moja juu ya ngozi, ukasimama.

Akauinua tena. Ukasimama tena. Si kwamba alifanya makusudi. Mkono uliozoea kusimama umesimama. Na moyoni, kila alipotaka kuushusha, aliwaona wote walioketi pale wakimtazama kwa upendo, wakimtikisia kichwa: Hamissi, Bi Mahfudha, Bwana Trevor amenyanyua kidole gumba. Vibali vitupu. Uani mzima ulikuwa boma.

"Endelea, Bibi," watu wakasema kwa upole. "Usiogope. Hakuna shida."

Machozi yakaanza kumtoka. Léocadie akajaribu. Akasimama akapaza sauti: "Mi nakukataza! Acha!" Watu wote wakacheka, na Bi Sijaona naye akacheka katikati ya machozi, kwa sababu katazo la Léocadie lilikuwa na thamani ya chupa tupu ya mawese.

Houda alikuwa ndani, amefunikwa, hina haijakolea vizuri mikononi, kungwi amemwambia asitikisike. Alisikia kimya cha nje, kimya alichokulia, na akajua kwamba leo si kile. Akachungulia dirishani akamwona bibi yake na ule mkono. Ndipo akafanya jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Akaondoa shela kichwani, akatoka uani mbele ya jamaa wa Maskati, akasimama juu ya mkeka. Bi Mahfudha alisema "Lahaula" mara moja.

"Bibi," Houda akasema. "Apana."

Bi Sijaona akainua uso. "Unasema?"

"Nasema apana. Iyi ni harusi yangu, haiko yako. Tangu mutoto ninapiga hewa juu yako. Nimemenya vitunguu harusi ngapi juu ya kidole kimoja kimegusa ngozi? Mikono yangu inauma kwa ngoma sijaisikia. Na leo, siku yangu, unataka kuipiga we wa kwanza? Uisikie we, mi nikae ndani na shela?" Hapo kila mtu akajua kwamba hakuna mchezo. Hasira ile ilikuwa ya miaka. "Hakuna mutu wa kupiga ngoma hapa. Mi nakataa. Urudishe ile ngoma ndani."

Bwana Trevor alishusha kidole gumba. Hamissi alitazama viatu vyake.

Bi Sijaona akageuza kichwa, akaelekeza sikio la kushoto. "Rudia."

"Nakukataza, Bibi!"

Uso wa bi kizee ukafunguka kama dirisha. Akamtazama mjukuu wake, tangu kichwa kisicho na shela mpaka kwenye hina iliyochuruzika, akamtazama kwa furaha ambayo hajamtazama nayo mtu tangu mashua ilipoondoka Ujiji.

"Nenda kaniitie polisi," akasema, na mkono ukashuka.

Ngozi ikalia. Sauti ilikuwa nene na kavu, ikagonga ukuta ikarudi. Watoto wakakimbilia kwa mama zao. Akapiga tena, na tena, akimtazama Houda machoni, na Houda akasimama amekunja uso, akapiga mguu chini: "Acha! Nimesema acha!" Bibi akazidisha. Kisha Houda akashindwa kuvumilia. Akapiga magoti kwenye mkeka, akamnyang'anya msichana wa pembeni ngoma yake, na viganja vyenye hina vikashuka mpaka chini kabisa, na wenzake wawili wenye ngoma wakafuata.

Siwezi kukudanganya kwamba ilikuwa nzuri. Wasichana watatu walikuwa wamejifunza mapigo yale kimya, kila mmoja kwa mwendo wa kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba hauendani na wa mwenzake. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaanza, wa pili yuko katikati, Houda yuko mbele yao wote anakimbia. Wachezaji wa lelemama hawakujua wamfuate nani. Mstari ukakatika vipande. Jamaa wa Maskati walitazamana. Bi Mahfudha alitia vidole masikioni waziwazi, na hakuna aliyemwomba avitoe.

"Munapiga vibaya!" Léocadie alipiga kelele. "Mana yanje, Mungu wangu, munapiga vibaya kabisa!"

Bi Sijaona alikuwa ameweka shavu la kushoto juu ya ngozi, mkono mmoja ukiendelea kupiga, macho amefumba. Houda alimwinamia.

"Bibi, ndiyo yenyewe? Ndiyo ya mama yako?"

"Hata kidogo," Bi Sijaona akasema. "Pigeni tena."